VYURA WA MILIMA YA TAITA

Msafiri atokaye Mombasa kwenda Nairobi, akikaribia Voi, huona upande wa mkono wa kushoto milima iliyosimama ghafula katikati ya nyika. Huko chini mchana kutwa ni jua na vumbi, lakini vilele vya milima ile mara nyingi hufunikwa na ukungu. Wengi huitazama kwa dirisha, wakasema, "Ile ni Taita," kisha wakapita zao. Mimi pia nilipita hivyo miaka mingi, kila niendapo likizo na kila nirudipo kazini. Safari hii niliamua kushuka Voi na kupanda nikaitazame kwa karibu, na sababu iliyonipeleka huenda ikamchekesha msomaji: nilikwenda kutafuta vyura.

Nilikuwa nimesikia ya kwamba katika milima ile wamo wanyama watatu wa ukoo wa chura ambao hawapatikani mahali pengine popote duniani. Nikasema moyoni, chura ni chura. Kila penye dimbwi yupo, na kelele zake usiku zinatutosha. Yawaje mtu mwenye elimu kubwa atumie maisha yake kuandika habari za vyura? Naungama ya kwamba nilikwenda nikiwa na dharau kidogo. Nilirudi bila dharau hiyo, na ndiyo maana naandika.

NJIA YA KUPANDA

Kutoka Voi gari hufuata barabara ya Taveta mpaka Mwatate, ikipita katika nchi kavu na mashamba makubwa ya mkonge. Mwatate njia huacha uwanda na kuanza kupanda kuelekea Wundanyi. Hupinda kulia, ikapinda kushoto, na kila pindo hubadili nchi. Chini miiba na udongo mwekundu. Juu kidogo migomba na mahindi. Juu zaidi mboga za kila namna, zilizopandwa katika matuta yaliyojengewa kingo za mawe, hata mtu hustaajabu jinsi mikono ya wazee ilivyoweza kuyapanga mawe hayo mlimani. Nilipofika Wundanyi ilinibidi nivae koti, nami asubuhi ile ile nilikuwa nikijifuta jasho.

Sababu ya baridi na rutuba hiyo ni upepo wa bahari. Upepo utokao Bahari ya Hindi huvuka nyika ukiwa na unyevu wake, ukaja ukajigonga katika milima hii, ambayo kilele chake kirefu, Vuria, chapita mita 2,200. Hapo hupanda, ukapoa, ukawa ukungu na mvua. Miti ya msitu huupokea ukungu huo kwa majani yake na kuudondosha chini matone kwa matone. Mto Voi, ambao watu na ng'ombe wa uwandani huutazamia, chanzo chake kimo milimani humu.

Taita ni milima ya kwanza, upande wa kaskazini, katika mnyororo wa milima ya kale sana ishukayo mpaka Tanzania, kupitia Pare na Usambara na Uluguru hata Udzungwa. Kila mlima una msitu wake, na baina ya msitu na msitu kuna nyika kavu ambayo kiumbe apendaye unyevu hawezi kuivuka. Kwa hiyo misitu hiyo ni kama visiwa. Chura aliye Taita hawezi kumwendea nduguye aliye Usambara, kama vile mtu asiye na chombo hawezi kutoka Lamu kwenda Unguja. Muda mrefu mno umepita hivyo, na kila ukoo umegeuka kwa namna yake.

DAFTARI LA WANYAMA

Mimi ni karani, na kazi ya wataalamu wa vyura niliifahamu pale tu nilipoilinganisha na kazi yangu. Mtu ambaye jina lake halimo katika daftari la serikali hupata taabu: akidai shamba, huulizwa hati, akidai haki ya mtoto wake, huulizwa cheti. Si kwamba mtu huyo hayupo. Yupo, anakula na kulima, lakini hakuna awezaye kumtetea kwa kuwa hakuandikwa. Wanyama nao wana daftari lao, na mtaalamu ndiye karani wake.

Kazi hiyo ilianza zamani katika nchi ya Taita. Mwaka 1878 Bwana Wilhelm Peters wa Berlin aliandika habari za chura mdogo aliyeletwa kutoka huku, akampa jina la taitanus. Baadaye alikuja Bwana Arthur Loveridge, Mwingereza, aliyefika Nairobi mwaka 1914 kutunza nyumba ya makumbusho, kisha akaingia vitani, na tangu mwaka 1924 akafanya kazi katika makumbusho ya chuo kikuu cha Harvard, Marekani. Yeye alirudi Afrika mara kwa mara kukusanya nyoka, mijusi na vyura, na katika safari zake nyingi alifuatana na Mnyamwezi mmoja hodari, Salimu bin Asmani. Mwaka 1934 alikuwa katika mlima wa Mbololo, na mwaka 1935 alimwandika mnyama wa huko ambaye nitamweleza hapa chini. Alistaafu mwaka 1957, akaenda kukaa kisiwa cha St Helena, na huko alifariki mwaka 1980.

Lakini msomaji asidhani ya kwamba kumwandika mnyama ni kumwona na kumpa jina. Mtaalamu hutembea msituni usiku kwa taa, akisikiliza sauti na kufunua majani. Akimpata mnyama huandika mahali, saa, na kimo cha mlima. Baadhi huhifadhiwa katika chupa za spiriti. Kisha huja kazi ndefu ya mezani: kupima toka pua mpaka mwisho wa kiwiliwili, kupima vidole, kutazama ngoma ya sikio kama ipo au haipo, na siku hizi kuchunguza chembe za urithi. Hayo yote hulinganishwa na wanyama waliohifadhiwa zamani katika makumbusho za Ulaya, Marekani na Afrika. Akiisha kuthibitisha ya kuwa huyu si yule, ndipo huandika maelezo na kuyapiga chapa, na mnyama mmoja huwekwa kuwa kielelezo, ili kila ajaye baadaye apate kumlinganisha.

Nitoe mfano mmoja. Mwaka 1911 Bwana Fritz Nieden alimwandika chura wa Usambara mwenye ngozi ya vipele, akamwita Callulina kreffti. Kwa zaidi ya miaka tisini katika daftari ilikuwapo Callulina moja tu. Mwaka 2004 wataalamu walionyesha ya kwamba katika Usambara ya Magharibi kuna nyingine, nao wakaipa jina la kisiwamsitu. Naam, ni Kiswahili chetu kilichoingia katika daftari la dunia nzima! Na mwaka 2009 ikaandikwa ya Taita, ikaitwa Callulina dawida, kwa kuwa Dawida ndilo jina ambalo wenyeji huita nchi yao. Miongoni mwa wataalamu wanne walioiandika alikuwamo Daktari Patrick Malonza wa Makumbusho ya Taifa, Nairobi.

USIKU KATIKA MSITU WA NGANGAO

Mwenyeji wangu alikuwa mzee mmoja mkulima, ambaye shamba lake li karibu na msitu wa Ngangao, naye ameuzoea msitu huo tangu utoto. Tulikwenda usiku baada ya mvua, kwa ruhusa ya wenye kuulinda.

"Tembea polepole, Bwana Karani," aliniambia. "Huyu si chura wa kuruka. Ukienda mbio utampita, au utamkanyaga."

Tulitafuta muda mrefu sana. Maji yalidondoka kutoka juu ingawa mvua ilikuwa imekwisha. Mwisho mzee alisimama na kuelekeza taa yake kwenye kijiti kilichofika kiunoni mwangu. Juu yake alikaa kiumbe wa rangi ya udongo, hakuzidi kidole gumba changu, miguu mifupi, ngozi imejaa vipele. Hakuruka. Alituangalia, kisha akainua mguu mmoja, akaushika ule mti, akainua wa pili, akaenda zake taratibu kama mzee apandaye ngazi.

Chura huyu hana haja ya dimbwi. Jike hutaga mayai nchi kavu, chini ya majani yaliyooza, akayalinda, na watoto hutoka wakiwa vyura wadogo kamili bila kupita hali ya kiluwiluwi. Unyevu wa msitu ndio dimbwi lake. Basi msitu ukikatwa, jua likiingia hata chini, hana pa kukimbilia, kwa kuwa katika shamba la wazi hawezi kuishi. Na msitu wa asili uliobaki Taita ni vipande vipande. Ngangao, ambao ni miongoni mwa vikubwa, ni kama hekta 120. Vingine ni hekta chache tu juu ya kilele, vimezungukwa na mahindi pande zote. Nilisimama pale nikafikiri: yule niliyemwona juu ya kijiti, ukoo wake wote duniani umo katika vipande hivi.

MAMA ALISHAYE KWA NGOZI YAKE

Asubuhi mzee alinipeleka penye migomba yake, mahali penye samadi na udongo laini. Alichimba kwa jembe kwa uangalifu, akanionyesha mnyama aliyefanana na nyungunyungu mkubwa, mweusi wa kuelekea buluu, mwenye pete mwili mzima, hana miguu.

"Mwanangu, tangu ujana wangu nimeua wengi wa hawa," alisema. "Tulisema ni nyoka. Ukimwona unampiga jembe, kisha unaendelea na kazi."

"Na sasa, Baba?"

"Sasa namfunika udongo."

Mnyama huyu si nyoka wala si mnyoo. Hana sumu ya kumdhuru mkulima. Ni wa ukoo wa vyura, na ndiye aliyeandikwa na Bwana Loveridge mwaka 1935. Jina lake Boulengerula taitana. Hukaa chini ya ardhi, akala mchwa na nyungunyungu. Kwa miaka sabini baada ya kuandikwa, hakuna mtaalamu aliyejua jinsi alivyolea watoto wake. Mwaka 2006 ndipo habari ilipotangazwa, nayo ilistaajabisha dunia. Mama hujiviringisha juu ya mayai yake ardhini. Watoto wakiisha kutoka, ngozi yake ya juu hunenepa na kujaa mafuta, nao kwa meno maalumu huibambua na kuila. Ngozi humea tena, nao hula tena. Ilipopimwa, katika juma moja mama alipungukiwa na karibu sehemu moja ya saba ya uzito wake, na watoto wakazidi kukua. Tumezoea kusema mama humnyonyesha mtoto damu yake. Huyu amelitimiza neno hilo kwa ngozi.

Hapa pana fundisho kwa wakulima. Chura wa Ngangao hufa shamba likija, lakini huyu huweza kuishi katika shamba lenye samadi, migomba na udongo usiokauka. Kwa hiyo si kila jembe ni adui wa wanyama. Nduguye aliye katika mlima wa Sagala, karibu na Voi, aliandikwa mwaka 2005 na kuitwa Boulengerula niedeni, kwa heshima ya yule Bwana Nieden. Hapatikani ila katika mlima huo mmoja. Huko mikaratusi iliyopandwa imekausha ardhi aliyoitegemea, na vikundi vya wananchi vimeanza kupanda miti ya asili, hasa kando ya vijito. Wanaofanya hivyo hawamfanyii mnyama peke yake hisani, kwani kijito kinachomfaa yeye ndicho hicho kinachojaza mtungi nyumbani.

Wakati wa kuagana nilimwuliza mzee kama aonavyo yeye kazi ya wataalamu ina faida. Alifikiri, kisha akajibu: "Zamani kama chura huyu angekwisha, hapana ambaye angejua ya kuwa amekwisha. Sasa tukimpoteza, itajulikana ni sisi tuliompoteza."

Neno hilo nimelichukua mpaka mezani pangu. Kuandikwa katika daftari hakumwokoi mnyama, kama vile hati ya shamba haiotoshi mahindi. Lakini aliyeandikwa anaweza kuombewa, na walio karibu naye hawawezi tena kusema hawakujua. Ewe msomaji ulimaye mlimani, ukiona kiumbe usichokifahamu chini ya jembe lako, ngoja kidogo kabla ya kupiga. Na wewe upitaye Voi kwa gari, ukiiona milima ile na ukungu wake, kumbuka ya kwamba chini ya majani kule juu yuko mama mdogo mwenye vipele, amekaa na mayai yake, na kwingine kokote duniani hana kwao.