Adui wa Nyumbani, Rafiki wa Mwanza

Wasee, tuseme ukweli: kuna jirani ambaye huwezi kumjua hadi mkutane mbali na kwenu.

Mimi ni Mnyabasi. Ukikulia Kuria unajua Wanyabasi na Wairege wameibiana ng'ombe na kupigana miaka mingi, ingawa sote ni Wakuria na koo zote mbili ziko Kenya na Tanzania. Waingereza na Wajerumani walitugawa kwa mpaka wa 1886. Ng'ombe wakamalizia kazi.

Nilipoacha chuo nilivukia Isebania, nikapanda basi hadi Mwanza, nikawa nabeba magunia ya dagaa pale Mwaloni, Kirumba. Siku moja naongea na mamangu kwa simu, Kikuria tupu, mzee mmoja mchuuzi akageuka. Nikamwamkia shikamoo. Akauliza, "Ukoo gani, kijana?" Nikamwambia. Akacheka sana. "Basi mimi adui yako. Mwirege wa Tarime."

Jioni hiyo akaninunulia ugali na sato. Nilipougua malaria, dawa alilipa yeye, na hajawahi kunidai.

Mwanza wote walituita Wakurya tu. Hakuna aliyejali ukoo, nasi tukasahau kujali.

Sasa nimerudi Kehancha. Mzee anataka kuja kunisalimia, na nyumbani wananiambia asilale hapa. Kama tulikula sahani moja ugenini, shida ni damu ama ni mazoea? Mimi nishamwandalia kitanda. Wewe je, kwenu mlikatazwa ukoo gani?