Raha ya Usukani na Haki ya Njia

Wahenga wetu walisema kuwa mpanda farasi wawili hupasuka msamba. Ni neno la kweli katika mambo mengi ya dunia. Lakini iko aina moja ya motokaa iliyotengenezwa makusudi ipande farasi wawili, nayo haikupasuka. Ni lile gari la juu la wastani, ambalo umbo lake ni kama Land Rover iliyopunguzwa, na mwendo wake ni kama teksi ya mjini. Toyota RAV4 ni mojawapo, na Honda CR-V, Subaru Forester na Nissan X-Trail ni ndugu zake. Huenda, ndugu msomaji, jirani yako analo, au liko hapo uani kwako. Wenye magari haya huyapenda mno, na ukikaa nao barazani hawaishi kuyasifu. Basi yafaa tujiulize: raha hiyo inatoka wapi, na ina mipaka gani?

Mimi ni mtu wa Tanga, lakini riziki imeniketisha Mwamapalala, katika wilaya ya Itilima, mkoa wa Simiyu, ambako nauza nguo na vyombo. Mkoa huu ulimegwa kwa sehemu kubwa kutoka Shinyanga mwaka 2012, na makao yake makuu ni Bariadi. Ni nchi ya Wasukuma, nchi ya pamba na ng'ombe. Sisi wa pwani tumezoea mchanga, unaokunywa mvua na kusahau. Udongo mweusi wa mbuga za huku hausahau. Wakati wa kiangazi hupasuka nyufa pana. Mvua ikinyesha huvimba, hunata, kisha huteleza kama sabuni. Lami ipo kutoka Lamadi hadi Bariadi, na kutoka Bariadi hadi Maswa. Lakini ukiiacha lami tu, wewe ni mgeni wa vumbi na tope. Hapo mwenye gari la chini hukwangua tumbo, na mwenye gari kubwa humwaga mtaji wake katika tangi la mafuta.

Zamani aliyetaka kwenda porini alikuwa na Land Rover, iliyoanza kuuzwa Uingereza mwaka 1948. Lilikuwa gari gumu: chesisi ya chuma kama ngazi, na bodi imekalishwa juu yake. Lilimfikisha daktari na bwana shamba mahali pasipo njia, ila mifupa ya abiria ilikuwa na habari zake. Mwaka 1977 Urusi ya Kisovieti ilitoa Lada Niva, gari dogo ambalo bodi na chesisi yake ni kitu kimoja, na magurudumu yake yote manne huvuta. Kisha mwaka 1994 kampuni ya Toyota ilichukua vyombo vya magari yake madogo, Corolla na Carina, ikaliinua gari juu na kuliita RAV4. Honda wakafuata na CR-V mwaka 1995, Subaru na Forester mwaka 1997, na Nissan na X-Trail mwaka 2000. Na kwa kuwa Wajapani hupita kushoto kama sisi, usukani wao uko kulia. Ndiyo maana magari waliyokwisha kuyatumia hushuka bandarini Dar es Salaam yakiwa tayari kwa barabara zetu.

Langu ni RAV4 ya mwaka 2007. Nitazitaja raha zake moja moja, kwani nimegundua kuwa kila raha ya gari hili imefungamana na haki ya mtu mwingine.

Raha ya kwanza ni kuketi. Mama yangu, ambaye magoti yake yamechoka, alikuja kututembelea. Katika gari kubwa humpasa apande kama apandaye darini, na mtu amsukume. Katika gari la chini hushuka kama ashukaye kisimani, na kutoka ni kazi nyingine. Katika hili, kiti kinalingana na nyonga. Aligeuka, akaketi, akakusanya buibui lake, akavuta mlango mwenyewe. Mzazi aliyezoea kushikwa mkono, siku anapoingia garini bila ya kushikwa, uso wake hubadilika. Mwana anayeuona uso huo hahitaji sifa nyingine ya gari.

Kuketi juu kuna faida nyingine pia. Unaona mbele. Pamba haikuzibi, na ng'ombe anayetoka kichakani unamwona kabla hajafika njiani. Lakini hapa pana mtego. Mtu aliyeinuliwa na kiti huweza kudhani kuwa ameinuliwa daraja. Apitapo hutazama vichwa vya watu, wala hatazami nyuso zao. Huku Usukumani watu husalimiana kwa kituo: asubuhi "mwangaluka", mchana "mwadila", na mkubwa hasalimiwi kwa kupigiwa honi. Mwenye gari asipunguze mwendo tu. Na ashushe kioo. Kioo kilichoshushwa ni adabu isiyogharimu hata senti.

Raha ya pili ni ulaini wa mwendo. Magurudumu ya gari hili yameshikwa kila moja kwa springi na mikono yake, hata likiingia shimoni gurudumu la kushoto, la kulia haliburutwi nalo. Kwa hiyo gari halirukiruki wala haliyumbi sana kwenye kona, bali hukaa njiani kama ngalawa yenye matengo mazuri. Ni raha kwa dereva. Hata hivyo ulaini huu unadanganya. Ukiwa ndani, mwendo wa kilometa 80 kwa saa waweza kuudhani ni wa 50, na barabara mbaya waweza kuidhani nzuri. Aliye nje hana springi. Yeye anapata vumbi lote, au dimbwi lote. Mtoto wa shule aliyefuliwa shati jeupe usiku na mama yake, mwanamke mwenye ndoo kichwani, mzee aliyevaa kanzu anakwenda sala ya Ijumaa: hao ndio wanaoujua mwendo wako wa kweli. Sheria ya nchi yetu inataka mwendo usiozidi kilometa 50 kwa saa penye makazi ya watu. Lakini mwenye imani hangoji askari wa barabarani asimame chini ya mwembe.

Mtume wetu (s.a.w.) aliwafundisha waketio njiani kwamba njia ina haki yake: mtu ainamishe macho, azuie maudhi, na arudishe salamu. Ikiwa aliyeketi juu ya jiwe kando ya njia anadaiwa haki hiyo, sembuse aliyeketi juu ya injini ya lita 2.4?

Raha ya tatu ndiyo inayosifiwa zaidi: magurudumu manne yanayovuta. Katika gari kama langu, magurudumu ya mbele ndiyo yanayofanya kazi siku zote. Ya mbele yakianza kuteleza, chombo kilichoko nyuma hushika, na nguvu hupelekwa katika magurudumu ya nyuma. Tope likikukamata, unasikia gari linasita, kisha unasikia kama mkono wa mtu unakusukuma taratibu kutoka nyuma. Wallahi, ni raha. Mwanamume mzima hutabasamu peke yake.

Ila yapasa kuijua mipaka yake. Gari hili halina zile gia nzito za chini walizo nazo magari makubwa ya porini. Taili likijaa udongo mweusi huwa laini kama chungu, na magurudumu manne yanayoteleza si bora kuliko mawili. Mataili yote yalingane kwa kipimo na kwa uchakavu, la sivyo kile chombo cha nyuma kitachoka upesi. Na kubwa kuliko yote, magurudumu manne yanakusaidia kwenda, hayakusaidii kusimama. Breki zako ni zile zile za gari jingine lolote.

Hapa nakumbuka mzee mmoja jirani yangu, mkulima wa pamba, mtu wa utani mwingi. Siku moja alilizunguka gari, akaugonga ule mlango wa nyuma uliobeba taili la akiba, ambao hufunguka kwa upande kama mlango wa nyumba. Akaniuliza akicheka, "Mswahili, gari lako zuri. Sisi wa miguu tunapata nini humo?" Watu wakacheka, nami nikacheka. Lakini lile lilikuwa swali, halikuwa mzaha mtupu. Mahali ambapo magari ni machache, gari la mtu mmoja hutazamwa na kijiji kizima.

Jibu lilikuja lenyewe mwezi wa Machi, usiku, mvua inanyesha. Mzee yule yule alibisha mlango: mkwewe ameshikwa na uchungu, na mambo hayaendi vizuri. Tukamlaza kiti cha nyuma pamoja na mkunga wa jirani, tukashika njia ya Bariadi. Tope tulilipita. Kisha tukafika kwenye korongo ambalo mchana lilikuwa kavu, tukakuta maji yanakwenda kwa ngurumo.

Kijana aliyefuatana nasi akasema, "Kaka, hili si lina magurudumu manne? Pita tu." Nyuma mgonjwa alikuwa anaugua, na mumewe hakusema neno, alinitazama tu katika kioo. Hapo ndipo mtu anapoonja uzito wa usukani. Nilizima injini. Maji yaendayo kasi, yakifika kina cha nusu mita na ushei, huweza kulinyanyua gari la namna hii na kulichukua, na magurudumu yakishaacha ardhi, yawe mawili au manne, ni mapambo. Kijana akaingia na fimbo huku tumemfunga kamba, akapima: yalipita goti. Tukangoja. Niliweka jiwe ukingoni nipate kuona kama maji yanapanda au yanashuka. Kungoja kule kulikuwa kurefu kuliko safari yote. Jiwe lilipobaki kavu, na fimbo ikaonyesha chini ya nusu ya muundi, na maji yamekwisha tulia, nikabonyeza kile kitufe cha kuyafunga magurudumu yote yavute pamoja, tukavuka polepole bila kusimama.

Alhamdulillahi, mama na mtoto walisalimika. Baada ya siku chache mzee alileta kikapu cha matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa juani, akakiweka juu ya boneti bila ya maneno. Nauli hakuulizwa, wala hakuitaja. Swali lake la utani hakulirudia tena.

Raha ya nne, nayo ni mama wa hizo zote, ni wastani wenyewe. Gari hili halijivunii kitu kimoja. Si lenye nguvu kuliko yote, si la anasa kuliko yote, si rahisi kuliko yote. Linatosha. Linaingia katika vichochoro vya Ngamiani bila ya kukwaruza ukuta, na linavumilia safari ya zaidi ya kilometa elfu moja kutoka huku hadi Tanga kwa sikukuu, watoto wamelala nyuma na mizigo iko butini. Vipuri vingi vyake mafundi wa mjini wanavijua. Dini yetu inapenda jambo la kati na kati, na mwenye kuridhika na kinachotosha huendesha moyo mwepesi.

Lakini wastani wa gari haumfanyi mwenyewe kuwa wa wastani. Nimeona wakati wa mauzo ya pamba vijana wakiuza hata ng'ombe wa kulimia ili wapate gari la kuonekana nalo. Mvua za kwanza zikinyesha, shamba linangoja jembe na gari linangoja petroli, na yote mawili hayana wa kuyaendesha. Huo si mwendo wa kati; ni israfu iliyovaa nguo ya maendeleo. Kipando kizuri ni katika mambo ya kumfurahisha mja, wala hakuna dhambi kukifurahia. Dhambi huingia pale kipando kinapompanda mpandaji.

Basi, ndugu yangu mwenye gari, na wewe dada yangu, kwani siku hizi wengi mnashika usukani, na hawa wepesi wa kuingia na kuegesha yamewafaa sana: furahini. Fundisheni watoto dua ya kupanda kipando, ile inayotukumbusha kwamba chombo hiki tumetiishiwa, kwa nguvu zetu tusingekiweza, na kwamba kila safari ina marejeo. Kisha kabla ya kuwasha injini tazameni vitu viwili: geji ya mafuta, mjue mtafika wapi, na kioo cha pembeni, mjue ni nani anatembea kando yenu. Aliyekitazama cha kwanza peke yake ataifikia safari yake. Aliyevitazama vyote viwili atafika na watu wakimwombea dua njiani.