Nyimbo za Mzee: Umenunua au Umekodi?

Wiki hii tuviache kidogo viwavijeshi na mbolea ya kukuzia. Wengi mnaniuliza huko shambani nyimbo za kwenye simu yangu nazinunua wapi na kwa bei gani. Nitajibu, ila naanza na kosa langu mwenyewe.

Baba yangu alikulia Morogoro, na maisha yake yote alilipenda gitaa la Mbaraka Mwinshehe. Kanda zake ziliharibiwa na unyevu na panya. Alipopata kiharusi, nikasema nitampelekea nyimbo zake. Wakati huo nilikuwa nalipia huduma ya muziki Sh5,000 kila mwezi. Nikapakua nyimbo kama thelathini, nikapanda basi.

Kijijini kwetu mtandao haushiki. Nikakaa kando ya kitanda, nikabonyeza wimbo wa kwanza. Simu ikaniambia muda umekwisha, nilipie upya. Siku tatu nilizokaa pale hatukusikia hata wimbo mmoja. Mzee alikuwa akiongea kwa shida, lakini hili alilitamka vizuri: "Mwanangu, kanda zangu hazikunidai kodi."

Sisi tunajua tofauti ya shamba la kukodi na la kununua. Kukodi si kosa, hasa ukitaka kuonja nyimbo nyingi mpya. Kosa ni kukodi ukidhani umenunua. Kwa mwaka nilikuwa nimetoa Sh60,000, na mkononi sikubaki na kitu. Tangu hapo hesabu yangu huwa hivi:

1. Bei ya wimbo. Duka la iTunes lilipofunguliwa Marekani mwaka 2003, wimbo mmoja uliuzwa senti 99 za dola. Tangu 2009 nyimbo zinazonunuliwa pale hazina kufuli, unaweza kuzihamishia kwenye kifaa kingine. Bandcamp, iliyoanza 2008, humwachia mwanamuziki apange bei, na wengine hukuambia ulipe unachoweza. Linganisha kabla ya kulipa. Mara nyingi albamu nzima ni nafuu kuliko wimbo mmoja mmoja, lakini kama unazitaka nyimbo mbili tu, chukua hizo mbili.

2. Bando. Dakika moja ya MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde hula karibu MB 1. Ya kilobiti 320 hula karibu MB 2.4. Wimbo wa dakika 5 wa kiwango cha kwanza ni MB 5. Ukiusikiliza mtandaoni mara 100, umechoma MB 500. Ukiupakua mara moja, ni MB 5 basi.

3. Makato. Bei nyingi ziko kwa dola. Mimi hulipa kwa kadi ya mtandaoni niliyoifungua kwenye akaunti ya pesa za simu. Angalia salio kabla na baada ya kulipa, ndipo utajua bei halisi baada ya kubadilisha fedha.

Mtaniuliza, na yule kijana wa mjini anayejaza memori kadi kwa buku? Nilijaribu. Jina la wimbo lilikuwa hili, kilichoimba ni kingine. Nyingine zilikatika katikati. Ni kama mbegu feki ndani ya mfuko wenye nembo nzuri. Na aliyeimba hapati hata shilingi.

Mwishowe nilinunua albamu mbili za dansi la zamani. Kwa siku ile, pamoja na makato, zilinigharimu karibu Sh36,000. Nikazipakua, nikaweka nakala moja kwenye memori kadi na nyingine kwenye flashi, maana memori kadi huharibika bila taarifa. Kisha nikanunua redio ndogo ya kuchomeka kadi, nikarudi nyumbani.

Safari hii iliimba. Mzee alifumba macho, mkono wake mzima ukawa unagonga blanketi taratibu kufuata gitaa. Hakusema neno, nami sikumuuliza.

Alifariki mahindi yakiwa yanavunwa. Redio imebaki kwa mama. Jioni akichambua mboga huiwasha, na mtandao bado haushiki pale. Tangu siku ile sijalipa hata senti nyingine kwa nyimbo zile.

Kwa hiyo, ndugu yangu, kabla hujabonyeza kulipa, jiulize: nikitoa laini kwenye simu na mwezi ukipita, wimbo huu utaimba? Kama hautaimba, hiyo ni kodi ya mwezi, ipime kama kodi. Kama utaimba, umenunua.

Wiki ijayo tutarudi shambani: namna ya kukausha mahindi vizuri kabla ya kuyaweka ghalani. Kazi njema.