Sitini na Tatu

Kiwanja kile nilikipima Septemba 2013, na nilikipima vibaya nikijua. Hilo neno "nikijua" nimelikwepa miaka mingi. Watu wakiniuliza, nilisema mto ulihama, mvua zilizidi, wachimba mchanga waliharibu. Yote ni kweli, lakini siku ile tepu ilikuwa mkononi mwangu.

Nilikuwa fundi sanifu wa upimaji. Siku za wiki nilikuwa mwajiriwa. Jumamosi na Jumapili nilifanya vibarua vyangu. Hiki aliniletea dalali. Mama mmoja, mwalimu mstaafu, amepata kiinua mgongo na ametafutiwa kiwanja kando ya Mto Mbezi, upande wa chini, si mbali na pale unapomwaga maji yake baharini. Amesikia habari ya mita sitini na hataki kuja kubomolewa uzeeni. Kabla hajalipa, anataka mtu ampimie, aandike kwenye karatasi, apige sahihi.

Alikuwa na sababu ya kuogopa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukwe wa bahari, ufukwe wa ziwa au ukingo wa mto. Na mafuriko ya Desemba 2011 yalikuwa bado mabichi vichwani mwetu: watu zaidi ya 40 walikufa Dar es Salaam, na familia zilizotolewa mabondeni zikapelekwa Mabwepande. Baada ya hapo hata mpiga debe alikuwa anakuhubiria sitini.

Asiyeijua mito yetu nimweleze. Kiangazi Mto Mbezi ni barabara ya mchanga. Katikati, au pembeni, popote ulipopenda mwaka huo, unapita mkondo unaoweza kuuruka bila kuvua viatu. Siku ile mkondo ulikuwa umejibanza ng'ambo. Ukingo wenyewe, udongo mwekundu uliosimama wima kimo cha mtoto wa darasa la kwanza, ulikuwa upande wetu. Kutoka ukingo hadi bikoni ya kwanza, hata bila tepu, niliona ni arobaini hivi.

Dalali naye aliona. Akanivuta chini ya kivuli. "Bosi, mto ni maji. Wewe anzia kwenye maji." Akanishika mkono kwa muda mrefu kuliko salamu inavyohitaji. Zile noti nilizihesabu baadaye kwenye daladala: laki mbili.

Sheria imetaja ukingo. Haikutaja maji. Mimi hilo nililisoma darasani na kulifanyia mtihani.

Tepu yangu ilikuwa ya mita 50. Kijana wa dalali akakunja suruali, akasimama majini ameshika sifuri. Mimi nikarudi kinyumenyume, nikapita mchanga, nikapanda ukingo, nikachomeka kijiti kwenye hamsini. Tukavuta tena kutoka kwenye kijiti: kumi na tatu. Mama alikuwa amesimama kwenye bikoni, mwavuli wazi, anatusubiri kama anayesubiri matokeo ya mwanawe.

"Sitini na tatu, mama."

"Zimezidi?"

"Zimezidi tatu."

Akacheka, akasema atapanda michungwa kwenye hizo tatu.

Nilikuwa nakunja tepu alipopita mzee mmoja mvuvi, wavu begani. Nikamwamkia. "Marahaba. Mnapima nini?" Nikamwambia umbali wa mto. Akakitazama kijiti changu, akageuka kuutazama mwembe mkubwa uliokuwa nyuma ya kiwanja, mbali na mto kuliko sisi sote. "Mwaka wa Elinino," akasema, "mtumbwi niliufunga kwenye mwembe ule. Sasa hapo mliposimama ni mtoni." Dalali akacheka. Nami nikacheka, Mungu anisamehe, kwa sababu mama alikuwa ananitazama usoni kuona kama acheke au asicheke.

Na si kwamba sikufundishwa. Nilipokuwa kwenye mafunzo ya vitendo, mkuu wangu wa kazi alinichukua hadi Kunduchi maji yakiwa yamekupwa. Pale bahari imekuwa ikiula ufuo kwa miongo. Akanionyesha bikoni moja, zege lake limeota mwani, imesimama peke yake kwenye mchanga mbichi. "Hii iliwekwa nchi kavu," akasema. Kisha akanieleza jambo la bamvua. Katika pwani yetu, bamvua likiwa kubwa, bahari hupanda na kushuka zaidi ya mita tatu. Ukipima ufukwe ulio bapa maji yakiwa yamekupwa, unaweza kumpa mteja kiwanja kizima ambacho jioni ni cha samaki. Maji, alisema, hayapimwi yalipo leo, yanapimwa yanapofika. Nilimwelewa vizuri sana.

Mama alijenga. Mchanga wa tofali aliununua kwa vijana wa malori waliokuwa wakichimba mtoni palepale, tripu saba. Mwenyewe alinisimulia kwa fahari kwamba ni bei nafuu kwa kuwa hakuna usafiri. Kila tripu ilikishusha kitako cha mto na kuulegeza ukingo, maana ukingo unashikwa na mchanga ulio chini yake. Nilimsikiliza, nikala wali wake. Ningesema nini? Aliyempa mita tatu za ziada atamwambiaje aogope mashimo?

Mwishoni mwa 2015 na mwanzoni mwa 2016 ilikuja bomoabomoa ya mabondeni. Alama za X nyekundu zilifika hadi mtaani kwao. Mama akawatolea wapiga alama karatasi yangu, imewekwa kwenye plastiki. Wakasoma 63, wakaona sahihi, wakaenda nyumba ya pili. Alinipigia simu kunishukuru. Katika mambo yote, hilo ndilo linaloniamsha usiku. X ile ingemuumiza, lakini ingemtoa.

Kisha Aprili 2018. Mvua ilinyesha mfululizo katikati ya mwezi, na mwezi ulikuwa karibu kuandama, yaani bamvua. Masika yetu yana ubaya huo: bamvua kubwa za mwaka huangukia Machi na Aprili, wakati mito imejaa. Bahari ikijaa, mto hauna pa kumwaga. Maji ya juu yanazidi kuja, ya chini hayaondoki, bonde linavimba kama uji kwenye sufuria.

Simu iliita alfajiri. Nyuma ya sauti yake nilisikia vyombo vikigongana.

"Mwanangu, maji yako sebuleni. Ile sitini na tatu tulianzia wapi?"

Nikasema mtandao mbaya, simsikii. Nikakata.

Majirani walimpitisha juu ya ukuta yeye na mjukuu wake. Hakuna aliyekufa. Jiko, choo na nusu ya chumba cha mjukuu viliondoka na ukingo. Michungwa haikuonekana tena.

Wenzangu wa fani wana hoja kuhusu sitini, na ni hoja nzuri. Nyumba iliyo mita 60 kwenye bonde tambarare inaweza kuzama, na iliyo mita 40 juu ya mlima ikabaki kavu; kwa hiyo kinachotakiwa ni kupima kimo, pamoja na alama ya mafuriko makubwa yanayokumbukwa. Nakubaliana nao. Mwembe wa yule mzee ulikuwa kipimo bora kuliko tepu yangu. Ila hoja hiyo niliipenda mno baada ya 2018. Nilikuwa naitoa hata nisipoulizwa, harusini, msibani. Ilinisaidia kulala.

Agosti mwaka jana nilimwendea. Anaishi kwa bintiye, Kibaha. Nilimweleza yote, pamoja na laki mbili, nikaziweka mezani. Akazihesabu noti moja moja, akazifunga kwenye pindo la kanga. Hakusema asante wala hakunitukana. Akaniuliza kama tepu bado ninayo.

Tulikwenda siku hiyohiyo. Mto ulikuwa mchanga mtupu, mkondo umejibanza ng'ambo kama zamani. Safari hii sifuri aliishika yeye. Aliinama taratibu, akaibandika kwenye mdomo wa ukingo, akaikanyaga kwa kandambili isiteleze. Mimi nikaenda hadi kwenye kona ya msingi uliobaki.

"Ngapi?"

"Kumi na moja, mama."

"Sijasikia."

Nikasema tena, kwa sauti, hadi vijana wa mchanga kule chini wakasimamisha machepe wakatutazama.