Aendaye Peke Yake Asizame Peke Yake

Sisi akina mama wa pwani tumelelewa kuiogopa bahari. Wengi wetu tunaijua kwa kuingoja tu: ngalawa irudi, baba watoto ashuke salama, samaki wauzwe. Ndiyo maana tunashangaa kuwaona wanawake wageni wakifika Mafia, Zanzibar au Watamu bila mume wala ndugu, wakibeba mitungi ya hewa mgongoni na kujitosa majini kwa hiari yao. Tunanong'onezana: huyu hana watu kwao?

Msomaji mpendwa, siku hizi zipo likizo zilizopangwa hasa kwa ajili ya watu wa namna hii. Mtu hulipia safari peke yake, mara nyingi akitozwa zaidi kwa sababu analala peke yake katika chumba cha wawili. Akifika huungana na wengine asiowajua katika chombo kimoja. Huchagua bahari za joto kama hii yetu, au Bahari ya Shamu upande wa Misri, kwa kuwa matumbawe hustawi huko na samaki wa rangi ni wengi. Hapa kwetu wengi huja wakati wa kaskazi, kabla ya mvua za masika.

Mgeni mmoja wa aina hiyo, mwalimu mstaafu, aliwahi kusali nasi Jumapili moja, nasi tukamkaribisha chai baada ya ibada. Mwenzetu mmoja hakuweza kujizuia. Akamwuliza, "Mama, huogopi kwenda huko chini peke yako?"

Yule mama akacheka. "Nasafiri peke yangu," akasema, "lakini sizami peke yangu."

Akatueleza. Kabla ya yote hujaza fomu ya afya: je, una pumu, kifafa, ugonjwa wa moyo, una mimba? Mwenye tatizo hutakiwa kuleta barua ya daktari, na mjamzito hazami kabisa. Kisha kila mtu hupewa mwenzi. Wawili hao hukaguana vifaa kabla ya kuingia majini, na huko chini huzungumza kwa ishara za mikono. Mmoja akiishiwa na hewa, mwenzake humpa mdomo wa pili wa kupumulia uliounganishwa na mtungi wake, nao hupanda pamoja. Zaidi ya hayo, kila asubuhi yule mama alimwachia mwenye nyumba ya wageni jina la chombo na saa ya kurudi.

Hilo la mwisho si jambo dogo. Tarehe 25 Januari 1998, huko Australia, mume na mke Wamarekani waliachwa baharini baada ya chombo chao kuondoka bila watu kuhesabiwa sawasawa. Ilipita siku mbili ndipo ikagundulika kwamba hawakurudi, na miili yao haikupatikana kamwe. Hao walikuwa wawili. Je, aliye peke yake, asiye na mtu wa kumngoja mezani jioni, nani atajua kwamba hayupo?

Sisi wauguzi tunalielewa jambo hili pia kwa upande wa mwili. Ukishuka mita 10 tu, shinikizo huwa mara mbili ya lile la juu ya maji. Hewa unayovuta humo hupenya katika damu na nyama za mwili kwa wingi kuliko kawaida. Fikiria chupa ya soda: ukiifungua polepole gesi hutoka taratibu, ukiifungua ghafla povu hufoka. Vivyo hivyo mzamiaji akipanda kwa pupa, mapovu hutokea ndani ya mwili wake, yakaleta maumivu ya viungo, ganzi, hata kupooza. Kwa hiyo hufundishwa kupanda polepole, yapata mita 9 kwa dakika, na kusimama kama dakika 3 penye kina cha mita 5. Hafungi pumzi kamwe. Wala hapandi ndege upesi: aliyezama siku kadhaa hungoja angalau muda wa saa 18, na wengi hungoja siku nzima.

Tuliwahi kumwuguza kijana mmoja ambaye hakufundishwa lolote kati ya haya. Alichukuliwa kwenda kuzamia majongoo ya bahari, akapewa mtungi na gunia, basi. Alizama mara nyingi kwa siku, akipanda haraka kila gunia lilipojaa. Jioni moja magoti yalimwuma; usiku miguu ikakataa. Jamaa wakadhani ni pepo, siku zikapita. Alipofikishwa wodini, aliyemwajiri hakuonekana. Mkewe, mama wa watoto wawili, alikaa kando ya kitanda akatuuliza, "Sista, atatembea?" Hatukuweza kumwahidi. Leo kijana yule anatembea kwa fimbo, naye mkewe ndiye anayeuza maandazi ili watoto wale. Tunapowatembelea na akina mama wa kanisa, tunamkuta amekaa mlangoni, uso ameuelekeza baharini.

Bahari ni ile ile, na hewa ya mtungi ni ile ile. Mgeni mzee asiye na ndugu hapa alirudi mzima kwa sababu kulikuwa na watu wa kuhesabu mita zake, dakika zake na kichwa chake. Kijana wetu, mwenye mke na mama na ukoo mzima, hakuhesabiwa na mtu yeyote.

Akina mama wapendwa, watoto wetu wanazidi kupata kazi za kuongoza wageni baharini, na ni kazi njema ikifanywa ipasavyo. Mwanao akija na habari ya kazi ya kuzamia, usianze na mshahara. Mwulize: Nani amekufundisha, na una cheti? Mwenzi wako majini ni nani? Mna chombo cha kupimia kina na muda? Oksijeni ipo ndani ya boti? Nani anahesabu watu kabla boti haijaondoka? Na mkwe naye ajue kwamba mzamiaji akilalamika ganzi au maumivu ya viungo baada ya kutoka majini, hapelekwi kwa mganga wala hangoji asubuhi. Alazwe, apewe oksijeni, akimbizwe hospitali, na daktari aambiwe wazi kwamba alizama, maana tiba yake ni chumba maalumu cha shinikizo, na kila saa inayopita ina thamani.

Kijana akikosa jibu la swali hata moja, na abaki nchi kavu mpaka alipate.