Matunda ya Nyua za Nyarugusu



Mtu atokaye Geita kwenda Nyarugusu hutazamia kusikia habari za dhahabu tu. Kweli, makarasha huvuma, na watu hutoka jasho mialoni. Walakini sisi tulipopita huko tulitazama nyua za nyumba, kwa maana huko ndiko watoto wachumako matunda.

Tuliona kwanza mchongoma, upandwao kwa ajili ya miiba yake. Ndiyo maana husemwa, kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma. Tunda lake jekundu lingali kali. Likiisha kuwa jeusi, huviringishwa viganjani hata likalainika, ndipo liwapo tamu. Forosadi na zambarau pia ni chakula chema zikiiva.

Mbele kidogo yaota lantana, yenye maua ya manjano na mekundu pamoja. Asili yake ni Amerika ya joto. Ilienezwa duniani iwe pambo, kisha ikatoroka ikaingia porini. Tunda lake jeusi huliwa na watoto katika nchi nyingi, bali la kijani lina sumu. Na katika kichala kimoja huwamo yote mawili. Je, mkono wa mtoto mdogo utachagua? Heri tuwakataze kabisa.

Duranta nayo ina vitunda vya rangi ya dhahabu, vining'iniavyo kama shanga. Ndege huvila, lakini mtoto vyamdhuru. Basi ndege asiwe mwalimu wetu. Thevetia, yenye maua ya manjano mfano wa kengele, ni mbaya zaidi: kokwa yake huvuruga mapigo ya moyo, nayo imeua watu.

Tukishuka mwaloni, kuna hatari nyingine. Zebaki ichomwapo ili dhahabu ibaki, mvuke wake hupanda, kisha hutua majanini na ardhini. Kwa hiyo hata tunda jema, likiwa kando ya mwalo au lundo la marudio, tuliache.

Basi, akina baba na akina mama, tuzunguke nyua zetu pamoja na watoto, tukiwatajia kila mti na tabia yake. Na mtoto akila asichokijua, apelekwe zahanati upesi, pamoja na tawi la mti ule, mganga apate kuutambua. Dhahabu hupimwa kabla ya kununuliwa. Na tunda lijulikane kabla ya kuliwa.