Barua ya Onyo

Katika miaka yangu ya ukuu wa shule niliandika barua nyingi za onyo. Karibu zote nimezisahau. Moja hainitoki moyoni.

Mwaka 1994 mwalimu mmoja wa shule yetu alianza kuandika vibaya ubaoni. Mwandiko wake, ambao wanafunzi walikuwa wakiuiga, ukawa kama wa mtoto wa darasa la kwanza. Chaki ikawa inamponyoka. Baadaye ulimi ukawa mzito, na minong'ono ikaanza kwamba mwenzetu analewa. Nikamwita ofisini, nikamkabidhi barua. Akaisoma polepole, kisha akasema, "Mkuu, pombe sijaonja. Huu mkono ndio haunitii." Sikumsadiki.

Miaka miwili baadaye tulimzika. Daktari alikuwa ameshatueleza kwamba ni ugonjwa wa neva za mwendo: seli za ubongo na uti wa mgongo zinazoamrisha misuli hufa kidogo kidogo, na mara nyingi akili hubaki timamu ikishuhudia.

Tangu nilipostaafu nimekuwa nikisoma habari za ugonjwa huo kama mtu anayelipa deni. Jean-Martin Charcot, tabibu wa Paris aliyeueleza mwaka 1869, aliwapima wagonjwa wakiwa hai, lakini uti wa mgongo wao aliweza kuuchunguza baada ya kifo tu. Siku hizi kuna kipimo kiitwacho PET. Mgonjwa hudungwa dawa yenye mnururisho kidogo, inayonata kwenye protini ambayo huongezeka hasa pale mikroglia, yaani seli walinzi wa ubongo, zinapoamka kupambana. Mapambano hayo ndiyo madaktari huyaita uvimbe, hata kama hakuna kilichovimba. Kaboni 11 inayotumika hupungua nguvu kwa nusu kila dakika 20, hivyo dawa hutengenezwa jirani na chumba cha kipimo na kutumiwa upesi.

Mwaka 2004 watafiti wa London walichapisha matokeo ya wagonjwa 10. Picha zilionyesha walinzi wameamka katika sehemu ya ubongo inayoongoza mwendo, na hata nje yake. Kadiri dalili zitokanazo na ubongo zilivyokuwa nzito, ndivyo alama zilivyozidi katika sehemu hiyo ya mwendo.

Mtu angedhani kazi imekwisha: watulize walinzi, mgonjwa apate nafuu. Huko Marekani minosaiklini, dawa iliyotarajiwa kuwatuliza, ilijaribiwa kwa wagonjwa 412. Matokeo yalitoka mwaka 2007: waliopewa dawa walidhoofika haraka kuliko waliopewa vidonge vitupu. Huenda walinzi hao hao hulinda wakati mmoja na kudhuru wakati mwingine. Kuuona moto si kumjua aliyeuwasha.

Hapo ndipo ninapojiona. Wataalamu wenye mashine ya thamani kubwa huitazama picha, kisha wakauliza tena. Mimi niliona chaki ikianguka, nikaamini nimemwona mlevi, nikatia sahihi.

Wahenga husema mwenye macho haambiwi tazama. Mimi macho nilikuwa nayo. Mjane wake aliporudisha vitabu vya shule, nilikuta ile barua ndani ya kimoja, imekunjwa vizuri. Ninayo hadi leo.